Pembe ya Kulia

Jarzębinka, Milima ya Bieszczady
6 Aprili

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Kidonda kinaendeleaje? Muuguzi aliniambia kwa simu kwamba sasa unatembea mpaka dirishani, na kwamba supu yao unaikataa. Kula, mama, hata kama haina chumvi. Sisi huku wazima. Paa la banda limestahimili theluji, na kuku wameanza kutaga tena.

Uliniuliza mambo mawili: mwaka huu nimetafuta pembe wapi, na kama yule kulungu wako, Mzee, ameshaangusha zake kama kila mwisho wa baridi kabla ya kuota mpya.

Nilianza kama ulivyonifundisha, kwenye mteremko unaotazama kusini, theluji inakoyeyuka kwanza na madume hukaa kuota jua. Nikapata mbili ndogo, moja imeshatafunwa na panya. Pale wanaporuka wigo wa malisho, mruko unapozitikisa zilizolegea, nikapata nyingine. Kisha nikapanda hadi kwenye mitufaha ya kijiji kilichohamwa, wanakofukua matunda yaliyooza chini ya theluji. Huko nikawakuta wageni watatu wa mjini. Mmoja akaniuliza, "Vipi, dada, umetuachia chochote?" Nikamwambia nimemwachia kinyesi cha kulungu, kipo cha kutosha. Wenzake walimcheka, lakini mimi nilirudi nyumbani roho juu. Niliogopa watazipata za Mzee kabla yangu. Ukutani mwako zipo jozi zake sita, na nilikuwa nimejiapiza kwamba ya saba utaiona hospitalini kabla hujapasuliwa.

Mama, Mzee amekufa. Bwana misitu Gerwazy alimkuta kijitoni katikati ya Machi, mguu wa mbele umevunjika, barafu imepasuka chini yake. Pembeni palikuwa na nyayo za mbwa, na mbwa anayezurura huko ni mmoja tu, Burek wa jirani yetu Prokop. Dukani wakamwandama maskini wa watu: "Prokop, kesho mbwa wako atatuulia ng'ombe?" Akaamriwa amfunge mnyororo, na mbwa akionekana tena msituni atapigwa risasi. Burek akawa analia kutwa nzima. Prokop akaacha kuja dukani.

Nimesubiri upasuaji upite ndipo nikuandikie haya. Si Burek. Ni mimi.

Uliniambia tangu nikiwa mdogo kwamba kichaka cha misonobari michanga juu ya kijito hakiingiliwi mpaka kulungu watoke wenyewe, kwa kuwa mwisho wa baridi wana njaa na kila mbio inawamaliza. Niliingia. Nikaiokota pembe ya kushoto, kitako chake bado kina damu mbichi. Nilipoinua macho, Mzee alikuwa amesimama mbele yangu, kichwa kimelalia upande mmoja, pembe ya kulia bado anayo. Nikamfuata. Mwanzoni taratibu, baadaye kwa kupiga makofi na kelele ili aruke, idondoke. Nilimkimbiza asubuhi nzima. Aliruka kijito, barafu ikavunjika, nikasikia mfupa. Alijaribu kuinuka mara nne. Nilikaa naye mpaka alipotulia, halafu nikaondoka bila kumwambia mtu. Burek alikuja baadaye, kunusa tu.

Wiki mbili nilimsikiliza mbwa yule akilia. Jumatatu nikaenda kwa Prokop nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni. Hakushangaa. Alisema, "Jagna, mbwa wangu havai buti." Aliziona nyayo zangu siku ileile alipomfuata Burek kijitoni, kabla jua halijazifuta. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza akatukanwa vile. Akajibu kwamba wewe ulikuwa unangoja kisu cha daktari, na yeye kutukanwa ameshazoea. Akanivutia kiti. Sikuweza kukaa.

Tulikwenda wote wawili kwa Gerwazy. Alinipigia kelele mpaka mkewe akatoka jikoni, akaninyang'anya kibali cha kuokota pembe, na mwaka ujao siruhusiwi kukanyaga msituni. Kisha akaja mwenyewe kumfungua Burek. Dukani sasa wananinyamazia, na naona ninastahili.

Ile ya kushoto nimemkabidhi Gerwazy pia. Nisingeweza kuitundika pembeni mwa zile ulizozipata kwa miguu yako na subira yako.

Jumapili nitapanda basi la asubuhi nije kukuona. Sitakuwa na kitu mkononi ila mayai na soksi zako za sufu. Kama utageukia ukutani nikiingia, nitakaa tu hapo kwenye kiti mpaka muda wa wageni uishe, na Jumapili nyingine nitakuja tena.

Prokop anakusalimu sana, anasema upone haraka. Mungu akulinde usiku na mchana.

Mwanao,
Jagna