Bahasha Yangu Imo Kwenye Droo ya Mama wa Ofisini

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na najua utanigombeza kwanza.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na minne, nilimaliza chuo huku ugenini nikapewa kibali cha muda wanachopewa wahitimu, nikapata kazi kwenye kampuni ya kukarabati lifti, siku nzima nakagua kamba na breki kwenye maghorofa ya watu, ingawa lifti ya jengo ninaloishi ni mbovu na chumba changu kiko ghorofa ya sita. Kibali kinaisha tarehe ishirini na nane na leo ni tarehe tano. Ombi la kuongeza muda likifika idarani kabla ya siku hiyo, unaendelea na kazi ukisubiri jibu, likichelewa hata siku moja, unafungasha.

Ofisini kuna mama anayeshughulikia karatasi za wafanyakazi. Naye katoka kwetu, ana miaka mingi huku, na siku ya kwanza aliponiona natetemeka kwa baridi alinivisha koti la mumewe, tangu hapo mimi ni mwanawe, yeye na mama yangu mzazi wanaongea kwenye simu wanaitana mwenzangu, na mama ameniambia, "Nimekukabidhi kwake, usiniaibishe." Miezi miwili iliyopita nilimpa bahasha yenye karatasi zangu zote, na kila nikiuliza ananijibu, "Zimeshaenda, mwanangu, wewe kula ulale." Wiki iliyopita akanituma stepla kwenye droo yake, nikafungua, nikaikuta bahasha yangu, haijafungwa hata kwa gundi, na mwandiko wangu juu yake. Nikampelekea stepla, akasema ahsante mwanangu, nikasema si neno, mama. Si neno!

Mshauri, mumewe alifariki wiki ileile niliyompa bahasha, tangu hapo anasahau, na mkuu wa kazi ameshamwonya mara mbili, onyo la tatu ni mlango. Nikienda kwa mkuu, namfukuzisha kazi mjane huku nimevaa koti la marehemu. Nikimwambia mwenyewe, ni kama namwita mama yangu mwongo machoni pake. Nikinyamaza, siku zinakwisha. Juzi nilikaza bolti moja mara tatu kwa kutokumbuka kama nimeikaza, nikisikia buti kwenye ngazi nadhani ni watu wa uhamiaji, kumbe jirani anarudi kazini. Naogopa, mshauri, naogopa kweli.

Nijibu gazetini tu, tafadhali usinipigie, maana ukurasa wako mama wa ofisini huusoma kwenye simu yake kila Jumatatu wakati wa chai, ananisomea kwa sauti.

Wako, Fundi wa Lifti

*

Mwanangu Fundi, pole. Hofu uliyonayo si ya kuchekwa, na asiyewahi kuishi kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kadi asikwambie tulia.

Lakini barua yako niliisoma mara mbili, na mara ya pili nikaanzia mwisho, nikakunasa. Hukuniandikia mimi, kijana! Ulitaka Jumatatu mama wa watu akusomee siri yako kwa kinywa chake, kikombe mkononi, na wewe unakodolea dari kama hujui lolote. Ujanja huo ulifundishwa chuo gani?

Ndiyo maana nilikaidi nikakupigia siku ileile kwa namba uliyoandika chini ya barua, na ukurasa huu nikauzuia. Niliyokwambia nayarudia kwa wengine wenye bahasha kwenye droo za watu. Heshima gani hiyo ya kumwacha aamke tarehe ishirini na tisa akute amemtoa mwanawe nchini kwa mkono wake? Unamlinda asifukuzwe, na kimya chako ndicho kitakachomfukuzisha. Kesho asubuhi, kabla hajavua koti, ingia, funga mlango, mwambie: "Mama, bahasha yangu nimeiona kwenye droo. Nipe niipeleke." Usizunguke na habari za baridi. Usimuulize kwa nini. Idarani usibanduke dirishani bila risiti yenye muhuri. Akikwambia ngoja, nenda kwa mkuu saa hiyohiyo, na hilo koti umelivaa.

Siku ya pili ukanitumia ujumbe: "Nimesema. Alikaa akalia. Anasema kila akishika karatasi ya kusaini anaiona ile aliyosaini hospitali mumewe alipofariki, akaniomba radhi mimi, mtoto. Kisha akavaa koti lake tukaenda wote. Risiti ninayo. Yeye mwenyewe amemwambia mkuu, amepewa likizo, na chai ya Jumatatu nitainywa kwake. Anasema chapisha."

Basi nimechapisha. Jibu la idara bado, na buti za ngazini utazisikia wiki kadhaa tena, hilo siwezi kukuondolea. Piga nakala ya risiti, tembea nayo, na kuanzia leo karatasi zako usizikabidhi kwa mtu ukazisahau, hata awe aliyekuzaa. Na mama yako mzazi mweleze yote leo, kabla hajayasikia kwa mwenzake.

Na wewe dada yangu, unayesoma hapa na chai mkononi, pole sana na msiba. Umesoma vya kutosha. Mpe kijana simu, leo akusomee yeye.