Alizeti Katika Bustani ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Nimechota udongo tena. Mifuko sita. Siku nyingine huwa ni mashamba ya watu, ndiyo kazi ya agronome, mtaalamu wa kilimo. Leo ni kwetu hapa Beu, nyuma ya nyumba, pale baba mkwe alipotengeneza betri za magari hadi kufa kwake. Maji ya betri aliyamwaga palepale. Mafuta machafu ya injini pia. Mama mkwe amelima mboga ya lengalenga juu yake miaka yote, majani mapana kuliko kiganja changu. Mifuko imekwenda maabara, Butembo. Nina mimba ya miezi minne. Nataka tu kujua.

Jumatano, 13 Machi
Majibu yamefika. Plomb, ile risasi ya ndani ya betri, imejaa. Mafuta nayo. Lengalenga huivuta plomb na kuiweka kwenye majani. Nimekula majani hayo tangu niolewe. Naogopa: plomb huharibu akili ya mtoto angali tumboni. Nimemwambia mume wangu, Kasereka. Amejibu: "Utamwambia mama weye mwenyewe." Shujaa wangu huyo.

Alhamisi, 14 Machi
Sikumwambia.

Jumapili, 17 Machi
Baada ya ibada mama alinipakulia bugali na lengalenga, mimi kwanza, kabla ya wanaume, kwa sababu ya mimba. Nikasukuma sahani. Nikaeleza vibaya, harakaharaka, kama mwalimu mwenye hasira.
"Hii udongo ililisha batoto bangu bane," alisema. "Sasa iko sumu?"
Akaivuta sahani, akala yote, akinitazama. Nimejichukia. Ningeanza na neno la upole. Lakini kula, nisingekula.

Jumamosi, 30 Machi
Kasereka amembembeleza. Mama ametoa nusu ya bustani. Tumepanda alizeti. Mizizi yake huvuta plomb, kidogo sana, itachukua misimu mingi. Penye mafuta tumechanganya samadi ya kuku, vijidudu viyale. Kunanuka vibaya. Jirani amecheka hadi kushika mbavu. Mama hakutoka nje. Hanipakulii tena. Ananiita "madame", kama mgeni. Inaniuma kuliko nilivyodhani.

Ijumaa, 10 Mei
Asubuhi nimekuta ile nusu aliyobaki nayo mama imeng'olewa. Lengalenga zote, hadi mizizi. Nilidhani wezi. Kumbe mama, ameketi mlangoni, mikono imejaa udongo.
"Kakule," alisema.
Kakule ni kitinda mimba wake. Mwanamume mzima, mpole, hadi leo hawezi kuandika jina lake.
"Ile wakati nilikuwa na mimba yake, nilikula ya hapa kila siku. Ni miye niliharibia mutoto akili? Niambie tu."
Basi hiki ndicho kilichokuwa kikimtafuna wiki zote hizi. Nami nilidhani ni kiburi. Mjinga mimi.
Nilisema sijui. Ni kweli. Kipimo cha udongo hakiwezi kusema kilichomfika mtoto zamani zile. Nilileta maji na sabuni, nikamnawisha, kucha moja baada ya nyingine. Hakunizuia. Tulilia wote wawili.

Jumatatu, 13 Mei
Amenipakulia maharage ya sokoni. Nimekula mara mbili.

Jumamosi, 6 Julai
Wamekata alizeti za kwanza. Haziliwi, hazipewi mbuzi, hazichomwi. Zinafungwa kwenye mifuko, zinakwenda Butembo. Mama amenikataza kuzigusa, kwa hiyo naandika nikiwa barazani, tumbo mbele. Udongo tutaupima tena. Sitarajii muujiza.
Kakule alikata, mama akashika mifuko, wote wamevaa glavu. Walifanya kazi hadi mfuko wa mwisho. Kisha mama alivua glavu, akanawa, akamwita. Akamfuta jasho usoni na ncha ya kitenge chake, polepole, mbele ya majirani. Kakule ana ndevu. Aliinama ili mama amfikie vizuri.