Behewa Lililopinda

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hapa Mkonze hatujambo, na mahindi yameota vizuri.

Umeuliza nilifanya nini siku za korona. Nilikuwa nimeshastaafu, natengeneza treni ndogo za makopo. Bibi yako alipougua alikaa peke yake chumba cha nyuma, nami kila asubuhi nikawa namwekea dirishani behewa jipya. Alilitazama tu, hana nguvu ya kusema.

Asubuhi moja nikamsikia: “Mzee, hili umelipinda.”

“Wapi?”

“Gurudumu la nyuma. Na chai yangu iko wapi?”

Nilikimbilia jikoni huku nalia kwa furaha. Sukari niliijaza kupita kiasi, naye akainywa chai yote.

Babu yako akupendaye