Meno ya Baba Rukia

Jumatatu, 3 Agosti

Nimepiga pasi shati jeupe la kampeni tena. Pasi ikatema jivu kwenye kola. Nimelifua upya, nimelipiga upya. Baba Rukia hajala.

Mkutano ulikuwa hapa Somanga, kituoni, pale mabasi ya Dar yanaposimama. Wamemuuliza salfa, ile dawa ya mikorosho ya ruzuku, imeishia wapi. Akatabasamu, meno yote nje. Vigelegele. Eti huyu ndiye diwani anayetufaa, hana makuu, anacheka na kila mtu. Mama mmoja akanishika bega kunipongeza kwa mume mchangamfu.

Mchangamfu! Baba Rukia akiogopa ndipo anapocheka. Siku ya ndoa yetu alicheka mpaka shehe akamuuliza kama ana akili timamu. Nilipozidiwa na uchungu wa Rukia alicheka mlangoni mwa zahanati, nesi akamfukuza. Shuleni walimchapa sana kwa hilo, haikusaidia. Hata ile picha ya kampeni, alikuwa anamwogopa mpiga picha. Sasa uso wa mtu mwenye hofu umebandikwa kata nzima, mpaka mlangoni kwangu, na watu wanaupenda.

Jumatano, 5 Agosti

Shemeji Jongo, rafiki yake anayeendesha kampeni, anasema tunashinda. Mpinzani wetu ana ndita usoni. Kazaliwa nazo, masikini, lakini watu wanasema ana roho mbaya. Hajamkosea mtu.

Namhurumia. Halafu nikajihurumia mimi. Kama uso ndio uliotupa watu, uso utawaondoa.

Ijumaa, 7 Agosti

Lori limemgonga Shabani wa bodaboda. Mtoto wa Mzee Bakari, yule muuza samaki wa kukaanga. Kituoni pale pale, gari zinapopita kwa fujo kwa sababu hakuna matuta. Amefia njiani. Innalillahi.

Mazishi kesho. Mgombea hawezi kukosa. Nimemwambia Baba Rukia asimame nyuma, ainamishe kichwa. Amesema sawa. Meno yalikuwa yameshaanza kutoka.

Jumamosi, 8 Agosti

Wanawake tulibaki nyumbani kwa wafiwa, sikuona. Baba Rukia amerudi na udongo kwenye viatu, akakaa kitandani bila kuvivua.

Amempa Mzee Bakari mkono wa pole. Amecheka. Kaburini.

Jumapili, 9 Agosti

Kuna mtu alirekodi. Imeingia kwenye makundi yote ya simu, Kilwa Masoko mpaka Pande. Sauti hakuna. Uso tu, na meno, na nyuma yake watu wanafukia. Rukia kanipigia kutoka Dar analia.

Picha zetu zote zimepakwa masizi mdomoni. Watu wale wale wa vigelegele. Nimekwenda kisimani, wamenyamaza wote. Naona aibu. Nina hasira naye, na najua hana kosa, na hasira bado ipo.

Jumatatu, 10 Agosti

Jongo amekuja anang'aa. Kapata dawa: tuseme Baba Rukia ni mtani. Bibi yake mzaa mama awe Mngoni wa Songea. Wafiwa ni Wamatumbi kama sisi, na Mngoni ni mtani wetu. Mtani msibani ana ruhusa yake. Atamcheka marehemu, atamwigiza, atadai viatu vyake, na mfiwa hawezi kukasirika.

Bibi mwenyewe ni Mmatumbi wa Kipatimu. Nilimjua, nilimpikia uji mpaka alipokufa. Baba Rukia hakusema ndiyo wala hapana. Alitabasamu tu, Jongo akadhani amekubali.

Jumatano, 12 Agosti

Uongo umekimbia kuliko ile video. Kisimani wamenizunguka: "Kumbe Baba Rukia mtani! Mbona hukutuambia, Mama Rukia?"

Nikasema mlikuwa mmeshanuna, ningeongea na nani. Wakacheka. Wamenisaidia kujitwisha ndoo. Nimeona raha, na raha yenyewe imenitisha. Masizi yanafutwa kwenye picha.

Ijumaa, 14 Agosti

Hitma ya Shabani.

Hatukufikiria kitu kimoja. Mtani ana kazi. Mwalimu Komba wa shule ya msingi, Mngoni wa kweli, alikuwa ameshalala kwenye mkeka wa wafiwa anadai pilau yake mapema, watu wanacheka machozi yakiwatoka. Mara akainuka na kofia ngumu ya Shabani, ile ya bodaboda, akamvika Baba Rukia. "Mtani mwenzangu, kazi yako hii. Tuonyeshe marehemu alivyokuwa anaita abiria."

Nilikuwa upande wa wanawake, nachungulia kwenye ua wa makuti. Kofia ilimbana. Meno yakatoka yote. Watu wakaanza kucheka, wakingoja. Jongo anampungia mkono, sema kitu, sema. Mimi naomba Mungu aseme lolote, hata la kijinga.

Akavua kofia. Akampa Mzee Bakari kwa mikono miwili.

"Mzee wangu, mimi si mtani. Bibi yangu ni wa Kipatimu. Nikiogopa nacheka, tangu utoto. Siku ile niliogopa." Na uso wote unacheka.

Nilimsikia mtoto akilamba sahani.

Mzee Bakari akasema alijua. "Nilikushika mkono. Ulikuwa wa baridi kama samaki wa kwenye barafu. Waliokasirika walikutazama kwenye simu." Nikashusha pumzi. Kumbe hajamaliza. "Lakini kura yangu hupati. Nataka mtu wa kwenda kwa watu wa barabara, agombe mpaka matuta yawekwe. Wewe utawachekea."

Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angefoka.

Jumamosi, 15 Agosti

Jongo ameondoka na spika zake. Amesema tumejichinja wenyewe. Baba Rukia amelala mchana kutwa. Nimemchukia kidogo, halafu nikamfunika.

Jumamosi, 22 Agosti

Wamepiga kura. Nimempigia Baba Rukia, mkono mzito.

Tumeshindwa, na si kidogo. Mwenye ndita ndiye diwani. Baba Rukia amempa mkono mbele ya watu, uso mkavu kabisa. Hakikubaki kitu cha kuogopa, nadhani.

Jumatatu, 24 Agosti

Asubuhi nimebandua picha mlangoni. Gundi imebaki, nitaisugua kesho.

Nilikuwa nachemsha mihogo, Mzee Bakari akabisha hodi. Kanzu safi, ile kofia ya Shabani mkononi. Shikamoo, marahaba. Hakutaka kukaa. Amesema diwani mpya kamwambia asubiri, naye hawezi kusubiri. Anakwenda Lindi mwenyewe, ofisi ya barabara. Hajawahi kuingia ofisi kubwa. Amemtazama Baba Rukia. "Na mimi naogopa," akasema. "Twende."

Nimechukua shati jeupe kambani. Sikulipiga pasi, hakukuwa na nafasi. Nimemfunga vifungo kwa sababu vidole vyake vilikuwa havishiki.

Mlangoni amenigeukia. Meno yote nje, mpaka magego.

Halafu akatoka, wakaelekea kituoni kusubiri basi.