Bata Mzinga wa Cucu

Siakago, 6 Oktoba 2024

Mpendwa Cucu,

Nina jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote: ninamchukia Mjomba Kathuri. Nimeliandika kabla ya salamu kwa sababu nikianza na salamu nitaogopa, niishie kukueleza habari za mvua. Haya, hujambo? Goti linaendeleaje? Mimi ni mzima. Kwa simu siwezi. Hapa kwake simu hupigwa sebuleni na kila mtu husikiliza.

Wale bata mzinga wawili ulionipa wakiwa vifaranga, ukasema tutawala pamoja ukija Krismasi: dume hayupo tena. Jana nilitoka shule nikakuta manyoya mlangoni. Mjomba alimchinjia Bwana Munyi, mkubwa wake ofisini, aliyekuja na mkewe kutoka mtaa wa Dallas kule Embu. Sinia nilibeba mimi. Bwana Munyi akauliza, "Nani hodari wa kufuga hivi? Hawa wakinyeshewa kidogo tu wanakufa." Mjomba akajibu, "Ni mimi. Lazima uwe makini."

Cucu, mimi ndiye niliyewalaza kwenye katoni kando ya jiko. Mimi ndiye niliyewachimbia mchwa na kuwakatia majani ya kitunguu. Nilitaka kuyasema hayo mbele yao. Badala yake nikasema, "Karibuni chakula."

Katika vitabu watu hulipiza kisasi kwa panga na sumu. Mimi siwezi hata kumpa mtu chai baridi makusudi. Lakini nataka alipe. Nifanyeje?

Mjukuu wako,
Kawira

Meru, 20 Oktoba 2024

Kawira wangu,

Mimi sijambo. Goti linanisumbua nikikaa sana na ndizi zangu hapa sokoni Gakoromone, lakini mdomo ni mzima, namshukuru Mungu. Unakula vizuri? Masomo je?

Ulidhani nitakukemea? Niliposoma barua yako nilimpimia mteja ndizi mbichi na alikuwa ametaka mbivu. Nikaomba usiku Mungu anipe moyo wa kusamehe, nikaamka nimekasirika vilevile. Kathuri nimemzaa, ndiyo, lakini bata sikumpa yeye.

Sumu wachana nayo, unataka tufungwe wote? Kwanza mwambie waziwazi kwamba jike ni wa Cucu, asije akasema hakujua. Akikataa, niandikie. Barua mpe Kivuti wa lori la ndengu, yeye hufika hapa kila wiki.

Cucu wako,
Ntinyari

Siakago, 8 Desemba 2024

Mpendwa Cucu,

Natumai goti limepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili. Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa natafuta ujasiri, nao ulichelewa.

Jana nilimwambia akinywa chai. "Mjomba, yule jike ni wa Cucu." Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Wewe mtu wa vitabu, bata umejulia wapi? Anakula mahindi ya nani?"

"Yako."

"Analala kwa nani?"

"Kwako."

"Basi umejijibu, mwalimu."

Bwana Munyi na mkewe watarudi siku moja baada ya Krismasi, na jike atachinjwa. Mimi ndiye wa kupika. Mjomba amesema pia nikuambie usisafiri, nyumba itajaa. Samahani kwa kukuandikia hivyo.

Mjukuu wako,
Kawira

Meru, 15 Desemba 2024

Kawira,

Salamu zangu ni chache leo. Kumbe nyumba ya mwanangu inaweza kujaa.

Wewe pika. Pika vizuri kuliko ulivyowahi kupika. Sasa sikiliza. Babu yako alipofariki, Kathuri alikuwa mtoto, meno ya mbele hana, akadai firigisi ya kuku kwa kuwa sasa yeye ndiye mwanamume wa nyumba. Nikampa. Mpaka leo, kuku au bata akichinjwa, hagusi chakula kabla ya kuiona kwenye sahani yake, wengine tukimtazama. Hapo ndipo panapomuuma. Zaidi ya hapo sisemi, mimi ni mama yake.

Cucu wako

Siakago, 27 Desemba 2024

Mpendwa Cucu,

Heri ya Krismasi. Hujambo? Mimi sijambo.

Jana nilipika. Wageni wakapakua, wakasifu. Mjomba akakoroga bakuli lake, akakoroga tena, akaita, "Kawira! Firigisi iko wapi?"

Nilitoka jikoni nayo kwenye kisahani. Nikasimama mbele ya wote, nikasema, "Iko hapa, Mjomba. Bata huyu nilimlea mimi, na alikuwa wa Cucu. Yule wa kwanza pia." Nikaiuma.

Ilikuwa ngumu, sikuichemsha ya kutosha. Nilitafuna kwa muda mrefu sana. Bwana Munyi alitazama dari. Mkewe ndiye aliyecheka. "Kathuri, si ulituambia ni wewe?" Mjomba akasema eti watoto wa siku hizi. Hakumaliza chakula chake. Uso wake niliuona vizuri, Cucu, na sikumhurumia.

Jioni alisema nisimsemeshe tena. Nikajibu sawa.

Paja moja nililiweka kando kabla sijapakua. Nimelifunga vizuri na nitampa Kivuti akuletee leo pamoja na barua hii. Lipashe moto kabla ya kula. Jana usiku nilirudi jikoni, nikaosha sufuria, nikafagia manyoya, nikaenda kusoma.

Mjukuu wako,
Kawira