Lavender Amekojoa Kitandani na Mke Wangu Amesikia

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba pia usicheke mpaka ufike mwisho, kwa sababu hapa kazini wamecheka mpaka ng'ombe wamezoea.

Mimi ni mtu wa Homa Bay, nafanya kazi ya kukamua ng'ombe katika shamba moja huku Nyansiongo, mahali penye baridi ya kuuma masikio, na nyumbani naenda mara chache sana kwa sababu ng'ombe hawajui sikukuu wala Sabato, wao wanataka kukamuliwa tu, na jioni nikirudi kwenye chumba changu mgongo unawaka na hakuna mtu wa kuniuliza nimeshindaje, kwa hivyo siku moja nilipokuta paka mdogo analia ndani ya katoni ya sabuni nyuma ya duka, nilimchukua nikamtia ndani ya koti, na kwa kuwa sikuwa na jina la kumpa nilisoma neno lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye ile katoni, nikamwita Lavender, nikasahau kwamba kwetu hilo ni jina la wasichana.

Makosa yangu yalianzia hapo.

Lavender akakua, akanenepa, akawa ananingoja mlangoni nikitoka zizini, na nikivua gambuti anazilalia. Sasa mke wangu Adhis, mama ya mtoto wetu Mitchell, hunitumia omena, wale dagaa wa ziwa letu, kutoka nyumbani kwa mkono wa mama mmoja anayeuza samaki katika soko la huku, na si omena ya hivi hivi, ni ya kuchaguliwa, imekauka vizuri, haina mchanga. Mshauri, nitakwambia ukweli kwa kuwa hunijui: nusu ya omena hiyo alikuwa anakula Lavender, kavu hivyo hivyo, asubuhi na jioni, maana akisikia tu mfuko unafunguliwa anakuja mbio, na kumwona mwingine akifurahia chakula cha kwetu katika nchi hii ya ndizi na mboga chungu kulinifanya nijione niko nyumbani. Adhis sikumwambia. Ningemwambiaje, na yeye hujinyima omena hiyo hiyo ili mimi nile?

Basi Lavender akaanza shida ya mkojo. Anachuchumaa kwenye beseni la majivu, anakaza macho kama mtu anayetafuta jibu la hesabu, na hakitoki kitu ila tone, anatoka hapo anajaribu kwenye gambuti, anajilamba, analia. Nikamwita daktari wa mifugo anayetibu ng'ombe wetu, dada mmoja anaitwa Nyanchera, akamdunga sindano ya kumtuliza, akamwingiza mpira mwembamba, mkojo ukatoka na chembe kama mchanga, halafu akaniangalia akasema, "Huyu Lavender wako ni dume."

Mwenzangu wa kukamua, anaitwa Ogeto, mtu wa hapa hapa, alianguka juu ya nyasi za ng'ombe. "Opondo! Unashika chini ya ng'ombe kila siku, na hukuwahi kuangalia chini ya paka?"

Daktari akauliza, "Unamlisha nini?" Nilitaka kusema omena, lakini Ogeto alikuwa amesimama pale, na juzi yake alikuja kuniomba omena nikamwambia imeisha, kwa hivyo nikasema, "Ugali na maziwa." Daktari akatikisa kichwa, akasema ajabu, akaacha dawa, akasema anywe maji mengi. Lavender akapona. Kisha ikarudi. Daktari akaja tena, akapona tena, ikarudi tena. Ogeto akasema ni sakafu ya simiti, kwamba baridi inapanda moja kwa moja mpaka kwenye kibofu, kwa hivyo nikaanza kumlaza Lavender kitandani kwangu, na kitanda akakigeuza choo.

Sasa sikia balaa. Nilikuwa nje naongea na Adhis kwa simu, maneno mazuri kabisa, tunapanga shule zikifungwa yeye na Mitchell waje wakae na mimi, mara Ogeto akatokea mlangoni kwangu akipiga kelele, "We Opondo, wacha simu! Lavender amekojoa kitandani kwako tena, na leo kuna damu!"

"Baba Mitchell," Adhis akasema polepole. "Lavender ni nani?"

"Ni paka."

"Paka anaitwa Lavender?"

"Ni jina la sabuni."

"Sabuni inakojoa kitandani?"

Nikamwomba Ogeto ampige Lavender picha na simu yake kubwa, akapiga, akaituma. Kumbe ndani ya picha paka amefungwa leso yenye maua mekundu, leso ya mke wa Ogeto, tulikuwa tumeiazima ili asimkwaruze daktari. Adhis akapiga simu hapo hapo. "Paka nimemwona. Leso ni ya nani?"

Nikaona afadhali daktari mwenyewe aeleze, kwa kuwa Ogeto alikuwa ameshamwita na amefika, nikampa simu. Mshauri, daktari alikuwa na haraka na ana sauti nyororo. Akasema, "Mama, usijali, Lavender ni dume, na mimi ndiye namshughulikia hapa kitandani kwa Opondo."

Adhis akauliza, "Kwani nyinyi mko wangapi kwenye hicho kitanda?"

Nilipoirudisha simu sikioni akaniuliza jambo moja la mwisho. "Na omena yangu, anakula nani?" Nilitafuta neno la Kijaluo, la Kiswahili, hata la Kikisii, halikuja. Akakata.

Sasa ametuma ujumbe kwamba shule zikifungwa yeye na Mitchell hawaji, wanaenda kwa mama yake, na nikishamalizana na Lavender wangu nimfuate huko, kama kaka zake wataniruhusu kupita mlangoni. Ogeto ananishauri nimtie paka kwenye gunia nikamtupe huko Nyamache, ng'ambo ile, hatajua njia ya kurudi. Lakini huko nani atamwita daktari mkojo ukiziba? Na nikimtupa, ushahidi wangu wote umeenda. Nimtupe paka nimpate mke, au nifanye nini? Tafadhali jina langu lisitajwe.

Mkamuaji, Nyansiongo

*

Bwana Opondo,

Nisamehe, nimecheka, na sikufika hata kwenye leso. Uliomba jina lako lisitajwe, lakini Ogeto amelitaja ndani ya barua yako mwenyewe, na nimeliacha makusudi. Gazeti hili linafika Homa Bay. Adhis akisoma hapa ajue kwamba paka yupo, ana masharubu, na ni mgonjwa kweli.

Pole kwa mgongo na kwa baridi. Mtu anayefanya kazi mbali na kwao anahitaji kitu cha kumngoja mlangoni, na sitakulaumu kwa hilo. Huruma yangu inaishia hapo.

Tuanze na paka, kwa sababu mke wako anaweza kukasirika hadi kesho lakini kibofu hakingoji. Nimemuuliza daktari wa mifugo kabla ya kukujibu. Anasema njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba, chembe ndogo zikikusanyika inaziba, na dume anayechuchumaa akikazana bila kutoa kitu ni mgonjwa wa kutibiwa siku hiyo hiyo. Akiachwa anakufa, tena kwa maumivu. Kwa hivyo ukimwona hivyo, mwite Nyanchera saa hiyo, usimalize kwanza kukamua. Usimpe dawa za binadamu. Na usimminye tumbo. Najua mikono yako ina mazoea, lakini hiyo si chuchu.

Sasa niambie, huyo daktari angefanyaje kazi? Alikuuliza swali moja tu, paka anakula nini, nawe ukamjibu Ogeto badala ya kumjibu daktari! Umemfanya dada wa watu atibu paka wa ugali na maziwa, kumbe mbele yake kuna paka wa omena kavu asubuhi na jioni. Paka kwa kawaida si mnywaji wa maji, maji mengi huyapata kwenye chakula, na wewe umempa chakula kisicho na hata tone. Ndiyo maana anapona na kuugua, anapona na kuugua. Sakafu ya Ogeto umeisingizia bure. Na kitandani hakojoi kwa ufedhuli, anaumwa.

Leo hii mpigie Nyanchera umwambie ukweli wa omena, naye akuelekeze chakula kinachomfaa. Mpaka hapo omena iwe kidogo sana, iloweke kwenye maji moto, yamwage, kisha ichemshe bila chumvi mpaka iwe na mchuzi mwingi, ale na mchuzi wake. Mwekee maji safi zaidi ya mahali pamoja, mbali na lile beseni la majivu, na beseni ulisafishe kila siku. Maziwa hayahesabiwi kuwa maji, hata kama unayakamua mwenyewe. Ogeto akiwa amesimama karibu unapompigia daktari, mpe sahani ya omena umwombe msamaha. Gunia lake akafungie viazi.

Sasa Adhis. Umenieleza mkojo wa paka mpaka chembe zake, lakini katika barua yote hiyo ndefu sijaona mahali ulipomuuliza mke wako yeye ameshindaje. Unalalamika kwamba jioni huna wa kukuuliza. Yeye anaulizwa na nani? Soma tena maneno yake. Alisema, "Paka nimemwona." Aliamini! Hata leso ungeieleza ikaeleweka. Kilichomuumiza ni swali la omena, kwa sababu mwanamke alijinyima kinywani akijua anamlisha mumewe, na mumewe alipoulizwa akakosa neno katika lugha zote tatu.

Kwa hivyo simu iache. Simu imekuharibia vya kutosha. Omba ruhusa, Ogeto akukamulie, na paka mwachie mke wa Ogeto pamoja na maagizo ya daktari na leso yake, iliyofuliwa. Nenda nyumbani kabla shule hazijafungwa, ukafike kabla Adhis hajafungasha kwenda kwa mama yake. Ukikaa tu, hata kabla hujaletewa maji, mwambie nani alikula omena, na kwa nini uliificha, na kwamba chumba kile kikiwa hakina mtu kinakushinda. Usimtaje Lavender zaidi ya hapo. Muulize ameshindaje, kisha nyamaza usikilize jibu lote, hata likichukua mchana mzima.

Kisha uje naye, na Mitchell, Nyansiongo.

Jina Lavender mrudishie mwenye sabuni. Adhis ndiye ampe paka jina jipya, wala usimsaidie kuchagua. Akiamua kumwita Opondo, usibishe. Siku utakapokuwa zizini usikie sauti yake ikiita kutoka chumbani, "Baba Mitchell, njoo uone, Opondo amekojoa vizuri leo," maliza kukamua kwa raha zako. Umesamehewa.