Mzee wa Kanisa na Ufunguo Wake

Jumatatu, mtoto amelala

Ameingia tena leo bila hodi, nami nimekaa kitandani kifua wazi, namnyonyesha mtoto. Huyu mzee wa kanisa anayesimamia nyumba za misheni ana ufunguo wake, na ukimuuliza anasema amekuja kukagua kuta.

Chungu si ukuta, lakini alikifunua. Akakuta mizizi niliyochemsha kwa ajili ya tumbo la mtoto.

"Ushirikina kwenye nyumba ya Kanisa! Jumapili mtajieleza mbele ya watu, wewe na mwalimu wako."

Mume wangu, maana ndiye huyo mwalimu wa shule ya misheni, ameshaanza kuulizia kiwanja kwenye kijiji cha ujamaa. Anaogopa tutafukuzwa. Naogopa pia, sikatai. Lakini nimechoka kujitanda kanga hata chumbani kwangu.

Jioni nilikwenda kwa mama mzazi wa huyo mzee, maana ndiye aliyenichimbia ile mizizi. Nikamwamkia, nikamweleza yote. Bibi alicheka mpaka akakohoa.

"Kwani yeye tumbo lake nililitibu kwa nini? Kwa zaburi? Jumapili nakuja, mjukuu wangu. Nishikie nafasi."

Nitamshikia benchi la mbele kabisa, mwanawe amwone vizuri mama yake akisimama kusema.